Sala ya Kiingereza Niliyomsomea Aganze

Mimi ni mtu wa kucheka. Kwenye vilio huwa wananikalisha nyuma kabisa, karibu na masufuria, kwa sababu niliwahi kumchekesha mjane mpaka akaomba ruhusa ya kutoka nje. Lakini mahali palipotoka kumwagwa javeli, dawa ya kuulia vijidudu, sakafu ikiwa bado na unyevu na ile harufu ikipanda puani mpaka machoni, mimi hunyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Juzi ilinitokea tena. Nilikwenda kuwasalimu wenzangu wa masomo ya jioni, katika darasa lile lile lililonipa cheti nikiwa tayari mama wa watoto wawili, nikakuta mlinzi ametoka kusugua chini ya madawati. Wenzangu wakaingia, wakakaa. Mimi nikabaki nimeshika mlango.

"We Nsimire, umeona nyoka?"

Nikawajibu ndiyo, mkubwa, amevaa na kofia. Wakacheka. Hapakuwa na nyoka. Nilikuwa nimemwona Aganze, ndugu yangu mdogo, amelala chali juu ya kitanda cha turubai, na mimi nina miaka kumi.

Ninyi mliokulia kwenye miteremko ya Bukavu hamhitaji kuelezwa. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, chini ya Nyawera, mahali pa mteremko mkali hivi kwamba chungwa likikuponyoka mlangoni, unakwenda kuliokota ziwani likiwa limeshaoshwa. Tulikuwa familia mbili katika parsele moja, kiwanja kimoja: sisi upande wa juu, jirani yetu Maman Riziki upande wa chini, na katikati ukuta wa mbao wenye nyufa za kupitisha kidole. Papa alikuwa Luvungi analima mpunga, tulimwona mara moja kwa mwezi. Maman aliuza vitunguu sokoni. Aganze alikuwa na miaka mitatu na kichwa cha mtu mzima. Naapa, kofia ya Papa ilimbana. Alitembea nyuma yangu ameshika sketi, na kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kunywa maji. "Yaya, mayi." Yaya ni mimi, dada mkubwa. Akiamka, mayi. Akicheza, mayi. Nilidhani siku moja atalimaliza ziwa, tuvuke kwa miguu mpaka Rwanda.

Maman akienda sokoni, Maman Riziki ndiye aliyempa Aganze uji wa asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Aliishi miaka mingi Kampala akiuza vitenge, akarudi na sanduku moja bila mume. Binti yake, Riziki, aliolewa Kamanyola. Kwetu mwanamke anayerudi peke yake kutoka mbali ana maswali ya kujibu, na yeye hakuwa akijibu. Aliosha mlango wake, alipika uji wake, basi.

Sasa, shuleni kulikuwa na Monsieur. Walimu wote tuliwaita hivyo, lakini huyu alikuwa Monsieur wa Mamonsieur, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata sabuni. Kiingereza hakikuwamo katika masomo yetu. Alikileta yeye mwenyewe, kwa mapenzi tu, kila Jumatano baada ya kengele ya mwisho. Alikuwa amepata mahali fulani kitabu cha mazoezi ya kusoma, chenye habari za maisha ya kila siku: familia inaamka, mtoto anakwenda shuleni, familia inakula. Kitabu kimoja, watoto sabini. Monsieur anasoma mstari, sisi tunaurudisha kwa sauti ya kung'oa mabati. Maana yake? Hatukuuliza. Monsieur alisema ulimi kwanza, maana itaota yenyewe, kama meno. Nikikumbuka leo nafikiri hata yeye mwenyewe yalikuwa bado hayajamwota yote.

Jumatano moja akasema: atakayesimama Ijumaa ya wiki ijayo na kusema somo zima bila kutazama, atapewa fotokopi yake aende nayo nyumbani. Karatasi nzima, ya kwako! Nyumbani kwetu karatasi pekee ilikuwa kalenda ya parokia. Nilitaka ile fotokopi kuliko viatu. Monsieur aliniruhusu kunakili maneno ya somo kwenye daftari, nami nikaanza vita.

Adui wangu akawa robine, bomba la mtaa. Maji ya kunywa tuliyateka kwenye robine ya juu, na robine ile ilikuwa kama mfalme, ilitoka ikitaka. Ulipanga bidoni yako, dumu lako la maji, nyuma ya bidoni mia, alasiri yote ikakwisha unatazama vifuniko vya manjano. Ziwa lilikuwa pale chini, pua na mdomo. Sheria ya Maman ilijulikana na nzi wa nyumba: maji ya ziwa ni ya kufulia na kuoga, ya kunywa ni ya robine. Niliijua sheria hiyo kama nilivyojua kwamba mtoto hakai juu ya kinu. Niliichukua kuwa adabu. Hakuna aliyeniambia kuwa inaua.

Siku tatu niliteremka ziwani. Nilijaza bidoni, nikapanda nayo, nikaimimina kwenye mtungi wa kunywa, nikajificha nyuma ya nyumba na daftari langu mpaka saa ambayo mtoto mwaminifu angekuwa anarudi kutoka robine. Aganze alikaa karibu yangu. Nilisoma, yeye akanywa. Maman hakuguswa, chai yake ilichemka. Mimi nilikunywa pia, lakini tumbo langu wakati ule lingeweza kusaga misumari.

Ijumaa nikasimama mbele ya darasa, nikalimwaga somo lote kwa pumzi mbili. Monsieur akapiga makofi mpaka chaki ikamtoka mkononi. Jioni Maman aliita wanawake watano wa sokoni waje wasikie. Nikapanda juu ya kigoda: "Wosh yo hendzi! Boili yo wota!" Wakapiga vigelegele. Mmoja akalia. "Huyu mutoto ataenda Amerika," akasema, "na atatusahau." Hakuna hata mmoja aliyejua nimesema nini, na mimi nikiwa wa kwanza wao.

Fotokopi yenyewe ilikuwa na picha juu. Ilikuwa imepita kwenye mashine mara nyingi hata ikawa nyeusi kama mgongo wa sufuria. Niliitazama sana. Niliona mwanamke ameinama, kikombe mkononi, mtoto mbele yake, na nyuma yao maji mapana. Ubatizo! Kanisani kwetu picha kama hiyo ilikuwa ukutani. Kumbe nimejifunza sala. Na sala ya Kiingereza, nikawaza, lazima inafika mbio kuliko za Kifaransa, maana kila kitu cha Waingereza kinakwenda kwa ndege.

Jumamosi asubuhi Aganze akaanza kuhara.

Mwanzoni Maman alisema ni meno. Kufika adhuhuri hapakuwa tena na cha kuita kinyesi, yalikuwa maji matupu, meupe, kama ya mchele uliooshwa, yakitoka bila yeye kusukuma wala kulia. Alitapika pia. Kichwa kile kikubwa kikawa kikubwa zaidi, kwa sababu shingo ilikuwa inapungua. Mchana ule ule akaja Tante Faida, dada mkubwa wa Maman, mwanamke ambaye akiingia nyumbani hata paka husimama wima. Alimtazama mtoto, akamtazama Maman.

"Asubuhi alikula kwa nani?"

"Kwa Maman Riziki. Uji, kama kila siku."

Tante akakaa chini. Akasema neno moja tu, polepole, akitazama ule ukuta wa mbao.

"Karuho."

Kwetu karuho ni sumu ambayo mtu anaificha chini ya ukucha. Anakuletea kikombe, anachovya kidole, huku anakuuliza habari za watoto. Hilo ni baya. Lakini lina sheria ya pili iliyo mbaya zaidi: mwenye karuho hapelekwi hospitali. Shindano, yaani sindano ya daktari, ikimgusa, serumu, maji ya dripu, ikiingia mwilini, anakufa palepale. Dawa yake ni majani ya kumtapisha, sumu itoke ilikoingilia. Basi mtoto aliyekuwa amekauka kama kanga iliyoanikwa akapewa majani, akatapika maji machache yaliyobaki.

Na mimi nilikuwa wapi? Pale pale, nimeshika beseni. Nilijua kuhusu ziwa. Ilinipita kichwani, lakini nikaogopa fimbo, na Tante alipotaja jina la Maman Riziki nilisikia nafuu tumboni, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Naandika hivi kwa sababu ninyi ni rika langu, na kila mmoja wenu ana nafuu yake ya aina hiyo mahali fulani.

Kufika jioni mtaa mzima ulijua. Mtu akatupa jiwe juu ya bati la Maman Riziki. Sufuria yake ya uji ikapinduliwa mlangoni, wanawake wale wale walionipigia vigelegele wakasimama pale wakimwita mchawi. "Mulozi! Toka! Ulikula mume wako Kampala, sasa unakula batoto ba batu!" Yeye akafunga mlango. Hakujibu, kama kawaida yake, na safari hii kutojibu kukawa ushahidi.

Jumapili mchana Aganze aliacha kuomba maji.

Ninyi hamjui ukimya ule. Mtoto ambaye neno lake lilikuwa moja, akaliacha. Macho yalikuwa yamezama ndani, nusu wazi, hayanifuati. Nilimfinya ngozi ya tumbo kidogo, kumchokoza, ikabaki imesimama kama nguo iliyofinywa. Tante Faida alikuwa amekwenda kumtafuta mzee wa majani mengine. Maman alishuka ziwani kufua matambara. Akaniambia, "Mushike mukono, usimuache peke yake," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga.

Ndipo nikakumbuka sala yangu. Nikaleta fotokopi, nikamwekea mkono kichwani kama padri, nikasoma. Nikangoja. Nikasoma mara ya pili, kwa nguvu. Mara ya tatu nilipiga kelele, nikakazia kila neno kama Monsieur, kwa sababu labda Mungu wa Waingereza hasikii vizuri lafudhi ya kwetu. Aganze hakutikisika. Nikaanza tena kutoka juu, machozi yanadondoka juu ya wino.

"Nsimire."

Sauti ilitoka kwenye ufa wa ukuta. Nikakaza mdomo. Tante alikuwa amesema tusimjibu, sauti yake tu inaweza kubeba mtu.

"Nsimire, hiyo unasoma ni nini?"

"Ni sala."

"Nani alikuambia ni sala?"

"Picha."

"Soma tena. Pole pole."

"Sitaki. Weye ni mulozi."

"Sawa, mimi ni mulozi. Soma."

Nikasoma. Kila nilipomaliza mstari, yeye akaurudisha kwa Kiswahili kutoka upande wa pili wa mbao, kwa sauti kavu. Inasema osha mikono. Inasema usinywe maji ya ziwa wala ya mto kabla hayajachemka. Inasema mtoto akihara maji kama ya mchele, mpe maji safi yenye sukari na chumvi, kidogo kidogo. Inasema usingoje, mpeleke kwa daktari siku ile ile, kwa sababu ugonjwa huu unaua kwa siku moja. Mstari baada ya mstari, yale yale niliyoyaimba juu ya kigoda. Nilihisi kama karatasi inanitazama.

"Haiko sala, mwanangu. Ni somo ya ugonjwa," akasema. "Mayi mulikunywa wiki hii ilitoka wapi?"

Nikautazama mtungi.

"Nsimire. Sina mutu wa kumuambia, unaona vile niko. Ilitoka wapi?"

"Ku ziwa."

Nikasikia kitu kikigonga mbao, nadhani paji la uso wake.

"Kimbia kwa maman yako. Umuambie vile umeniambia. Mimi nikitoka hapa bataniua, na mutoto atakufa wakinipiga. Enda!"

Niliteremka ule mteremko kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Maman alikuwa amepiga magoti kwenye mawe, matambara ya Aganze mikononi, maji mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia yote bila kupumua: siku tatu, bidoni, mtungi, karatasi. Nilifunga macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Maman alikuwa anayatazama yale maji yaliyokuwa yakimtiririka mikononi. Akayaacha matambara yaelee yaende, akapanda.

Alimfunga Aganze mgongoni kwa kitenge. Njiani tukakutana na Tante Faida, majani kwapani. Akatandaza mikono.

"Unaenda naye wapi? Ukimupeleka ku shindano, unamuua mwenyewe! Kwa mikono yako!"

"Dada, toka."

"Kama ni karuho?"

Maman alipita akimsukuma kwa bega, dada yake mkubwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada.

Kituo cha kipindupindu kilikuwa mahema meupe juu ya kilima. Mlangoni mtu mwenye buti alitupulizia miguu maji ya javeli, na ile harufu ikaniingia mpaka nyuma ya macho, haijatoka. Ndani vitanda vya turubai vilikuwa na tundu katikati na ndoo chini yake. Muuguzi alimfinya Aganze ngozi, akaita mwenzake kwa haraka. Wakatundika mfuko wa serumu. Muuguzi akashika shindano.

Maman akafunika mkono wa Aganze kwa mkono wake.

"Maman, toa mukono."

"Ngojeni."

"Hakuna kungoja! Munaleta batoto wakiwa wamekwisha, na munasema tungoje!"

Maman hakumtazama. Alinigeukia mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote.

"Nsimire. Unaona hii shindano. Kama ni karuho, atakufa hapa, mbele yako. Ilikuwa mayi ya ziwa, ao unasema tu?"

Mimi, niliyeweza kusema ukurasa mzima wa Kiingereza kwa pumzi mbili, sikupata neno. Kwa sababu ghafla niliona jinsi mambo yalivyokuwa. Maji ya ziwa niliyajua kwa miguu yangu. Lakini kwamba maji ndiyo yanayomuua, hilo nilikuwa nimelipata kutoka kwenye ufa wa ukuta, kwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulisema ni mulozi. Na kama alitaka kummaliza? Kama hii serumu ndiyo iliyokuwa shauri lake? Nilitazama ile fotokopi, bado nimeikunja mkononi, picha yake nyeusi. Nikaona mwanamke ameinama, kikombe mkononi. Kikombe hakikuwa juu ya kichwa cha mtoto. Kilikuwa mdomoni mwake.

"Ni mayi ya ziwa, Maman. Siku tatu. Sikuenda ku robine. Ni mimi."

Akaondoa mkono.

Mshipa haukuonekana. Walichoma mkono wa kulia, wakachoma wa kushoto, Aganze hata hakukunja uso, na kila shindano ilipoingia Maman alisema jina la Mungu kwa Kimashi, Nyamuzinda, Nyamuzinda, akingoja afe. Mwishowe waliupata mguuni. Mfuko wa kwanza ukaisha. Mfuko wa pili ulikuwa umefika nusu wakati mkojo ulipomtoka, na muuguzi yule mkali akacheka kwa sauti kama aliyeona dhahabu. "Maman, anakojoa! Musifu Mungu, anakojoa!" Baadaye kidogo zile kope zikafunguka. Alinitafuta kwanza.

"Yaya," akasema. "Mayi."

Tulikaa siku nne. Siku ya kurudi Maman hakuingia kwetu. Alipitiliza na Aganze mgongoni mpaka mlango wa chini, mbele ya wanawake wote waliokuwa wametoka kutazama, akagonga. Maman Riziki akafungua. Maman akasema alichosema. Kilikuwa kifupi, na alikisema akiwa amepiga magoti. Yule akamwinua, akamketisha, akampikia chai.

Kwetu mwenye nyumba akikupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ili uwe na amani. Lakini majirani wa miaka huliacha hilo. Kumwonjea jirani ni kama kumwambia humjui. Kwa hiyo Maman alinyoosha mkono kuchukua kikombe kabla hakijaonjwa, akikiinua kidogo ili walio mlangoni waone. Maman Riziki akakirudisha kwake.

"Naonja."

"Dada, haiko lazima."

"Naonja."

Akanywa nusu nzima ya chai ile ya moto, akiwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Ndipo akampa.

Mwaka ule alinifundisha karatasi yote, neno kwa neno, na maana zake, nimekaa kwenye kizingiti chake alasiri. Akiwa na hindi la kuchemsha alinigawia. Aliuma kwanza upande mmoja, akatafuna, akameza. Nikamwambia, "Maman Riziki, mimi usinionjee, tafadhali." Alitikisa kichwa kama aliyekubali. Siku iliyofuata akanimenyea ndizi. Akaikata ncha, akaitia mdomoni, akatafuna polepole, akameza, kisha akafungua kinywa wazi mbele yangu, akainua na ulimi, nione kuwa hakuna kitu. Ndipo akaninyooshea.